Glasi Mbele ya Kanga

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, 15 Septemba 2024
Asubuhi: baridi, upepo wa vumbi, mbingu nyeupe bila wingu.

Dada yangu mpendwa Ruthu,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuulizia hali yako, ya shemeji na ya watoto, na kama ule mguu alioutegua shemeji akishuka mlimani na gunia la maharage umeshamruhusu kurudi shambani. Sisi huku tunakula na tunalala, tunamshukuru Mungu. Watoto wanakohoa kwa sababu ya vumbi la mwezi huu, ambalo mwaka huu linaingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa. Shemeji yako Batholomeo anakusalimu, na anasema ile koki uliyomwomba kwa ajili ya tangi lenu ameshaipata. Atakuletea Sila, huyu huyu anayekuletea barua.

Najua ulinikatia simu kwa hasira, na sikulaumu. Mtu akikuambia kwamba anataka kumrudisha mama yenu Kibakwe, halafu ukimuuliza sababu akajibu kwamba hawezi kusema, utamwelewaje? Sikuweza kusema kwa sababu Mama alikuwa amekaa kibarazani akichambua uwele, na masikio yake unayajua. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Nitakueleza mambo kwa mfuatano, kama nilivyozoea kuyaandika kila siku tangu nikiwa sekondari, enzi mlizokuwa mkinicheka kwamba naandika hata kuku aliyepiga chafya. Nitaweka na mawazo niliyokuwa nayo siku zile, hata yale mabaya. Ukifika katikati utatamani kuichana barua hii. Nakuomba uifikishe mwisho.

Hujawahi kuyaona mapipa yangu, kwa hiyo nianzie hapo. Pombe ni ile ile tuliyokulia, ya uwele na kimea cha mtama, lakini hapa mjini watu wa maofisini na wanafunzi wa vyuo hawataki kunywa kitu kizito kama uji. Wanataka glasi wanayoweza kuona upande wa pili. Basi pombe ikishachacha naichuja kwa kitambaa cha marekani, naimimina kwenye mapipa ya plastiki, kisha natia mbegu za mlonge zilizotwangwa, kama tulivyokuwa tukituliza maji ya mto wakati wa masika. Pipa linakaa chumba cha nyuma kwenye ubaridi bila kuguswa, na uchafu wote unazama. Batholomeo alifunga koki kila pipa, vidole vinne juu ya kitako, ili mashapo yabaki chini na pombe safi itoke juu yake. Glasi ya kwanza inamwagwa kwa sababu inatoka na taka za kwenye koki. Ya pili ndiyo inayopimwa.

Kipimo ni cha Mama. Alipokuja mwezi wa sita baada ya mavuno aliikuta kazi yangu ikisuasua, akasema nafungua mapipa kwa pupa. Akatundika mlangoni ile kanga uliyomnunulia Mpwapwa, ya njano, yenye maneno NIULIZE MWENYEWE USIULIZE WATU. Akaniambia glasi ya kupimia iinuliwe mbele ya maneno hayo, mwanga ukiwa unaingia dirishani, na kama herufi zinasomeka ndani ya pombe, basi imetulia na inaweza kutolewa. Kama hazisomeki, funga koki, nenda kafanye kazi nyingine. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akikoroga, yeye ndiye aliyekuwa akipima. Unaijua sheria ya nyumbani, kwamba mtu mwingine hafungui chungu kabla ya aliyepika kusema. Hata Baba hakuwahi kuivunja, na Baba alikuwa na kiu.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa neema. Jina likavuma. Watu walikuwa wakisema wanakwenda kwa bibi wa Kibakwe, hawasemi kwa Edina, nami sikujali. Kuna mzee mmoja anaitwa Matonya, fundi wa kushona viatu, ambaye anakaa kiti kile kile kila siku na kazi yake ni kuchokoza watu. Yeye alikuwa akimwambia Mama kwamba angemposa, ila anaogopa akishakuwa mume atapimwa naye mbele ya kanga aonekane ana mashapo. Mama alikuwa akimjibu kwamba kwake yeye hahitaji kanga, yanaonekana tangu barabarani.

Kisha mambo yakabadilika. Ilikuwa Ijumaa ya mwanzoni mwa Agosti. Mama aliinua glasi mbele ya kanga, akaizungusha, akasema bado. Mimi nilikuwa nyuma yake. Dada, niliisoma ile kanga yote ndani ya glasi, mpaka nukta za pembeni. Nikamwambia naona imetulia. Akasema bado ina ukungu, tusubiri kesho. Kesho yake akasema hivyo hivyo. Jumamosi hiyo watu walijaa uani, nami nikawa sina cha kuwapa ila pipa moja la wiki iliyopita. Lilipoisha walinyanyuka mmoja mmoja wakavuka korongo, wakaenda kwa Bupe.

Bupe ni mama wa Kinyakyusa anayeuza kimpumu, pombe ya kwao, ng'ambo ya korongo letu. Hatujawahi kugombana, lakini pia hatujawahi kuazimana chumvi. Jioni ile nilisikia kicheko cha wateja wangu kikitoka kwake, na nikamtazama Mama. Alikuwa amekaa mlangoni, uso ameuelekeza kule kule kwa Bupe, kama mtu anayesikiliza kazi yake inavyokwenda. Hilo ndilo wazo lililonijia, na lilipoingia halikutoka.

Wiki iliyofuata ikawa vile vile. Mapipa manne yametulia kama maji ya kisima, na Mama anasema bado. Alipokubali hatimaye kuyafungua, mawili yalikuwa yameshakuwa makali kama siki kwa kukaa sana. Yalimwagwa. Alisimama pale akisikiliza inavyomwagika, nami nikasema moyoni kwamba mtu asiyeumia kuona kazi yake inamwagwa ana sababu yake.

Nikaanza kumchunguza. Ni aibu kukuandikia kwamba nilimchunguza mama yangu, lakini ndivyo nilivyofanya. Niliona kwamba hanitazami tena usoni. Nikizungumza naye anageuza shingo kidogo, anatazama kando ya sikio langu, na wewe unajua Mama alivyokuwa akitukazia macho mpaka tunataja wenyewe makosa ambayo hajayajua. Niliona kwamba akimimina chochote kwenye kikombe anatumbukiza ncha ya kidole ukingoni, jambo ambalo zamani angetuchapa kwa hilo. Nikajiuliza ana nini kwenye hicho kidole. Niliona kwamba Matonya akipita bila kusema kitu, Mama hamsalimii, anampita kama nguzo. Matonya mwenyewe alilalamika kwamba siku hizi bibi anajiona mke wa waziri. Na saa za mchana jua likiwa kali alikuwa akikataa kutoka nje kukaa na watu, anabaki ndani kwenye kivuli, peke yake, na mapipa.

Tena akaanza kwenda kwa Bupe. Mara ya kwanza aliniambia anakwenda kumsalimu mtu wa kanisani. Nilimwona akitembea taratibu kandokando ya uzio wa minyaa, mkono ukigusa matawi, na nikafikiri anajificha. Alivuka korongo akaingia kwa Bupe, na mlango ukafungwa. Mchana, Dada, katika joto lile ambalo hakuna mtu hapa Nkuhungu anayefunga mlango. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, nikajua amekunywa. Nikamuuliza huyo mtu wa kanisani hajambo, akasema hajambo, anakusalimu. Alirudi huko tena na tena.

Batholomeo nilimweleza. Unamjua alivyo mpole, alisikiliza huku akisafisha spana zake, kisha akasema neno moja tu, nimuulize. Nikamwambia mtu mwenye njama ukimuuliza unamwamsha. Akasema huyo si mtu mwenye njama, huyo ni mama mkwe wake, na kama siwezi kumuuliza basi atamuuliza yeye. Nikamkataza. Nilimwambia ni mama yangu, namjua mimi.

Kisha nikaikuta chupa. Alikuwa anaoga na kanga yake ya kujifunga alikuwa ameiacha kitandani, na kwenye pindo kulikuwa na fundo. Nilifungua fundo. Ndani kulikuwa na kichupa kidogo cha dawa ya mafua, kimeoshwa, kimejazwa kitu cha rangi ya kahawia. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa asali, ile nyepesi yenye uchachu, ya nyuki wadogo.

Wewe ni mpishi wa pombe kama mimi, utaona kilichonijia kichwani. Pombe iliyotulia ukiitia asali inaamka. Hamira iliyolala chini inapata chakula, inapanda, inachafua pipa lote. Nilikaa kitandani na kile kichupa nikaona mambo yote yamejipanga: Bupe anampa asali, Mama anakuja kuitia kwenye mapipa yangu, na ikitokea haijachafuka bado, anasema bado tu ili wateja waende ng'ambo. Nilichoshindwa kupata ni sababu. Nikajitafutia. Nikakumbuka kwamba mwaka ule nilipoolewa aliniambia mji utanifanya nisahau nilikotoka. Nikafikiri labda anataka nishindwe, nifunge kilabu, nirudi Kibakwe. Ndivyo nilivyofikiri, Dada. Nikarudisha kichupa, nikafunga fundo kama lilivyokuwa.

Jumatano iliyopita nikafanya lile ambalo ndilo limenifanya niandike. Mama alipovuka korongo kwenda kwa Bupe nilikwenda chumba cha nyuma, nikamwaga glasi ya kwanza, nikainua ya pili mbele ya kanga. Ilisomeka. Nikafungua pipa bila yeye. Wateja walifurahi, wakasifu, Matonya akasema hii ndiyo pombe unayoweza kunyolea ndevu. Kisha akauliza bibi yuko wapi, imekuwaje leo mapipa yanafunguliwa na karani wakati hakimu hayupo. Watu wakacheka. Ningeweza kucheka nao, mambo yakaisha. Lakini nilisema, kwa sauti ya kusikika uani kote, kwamba mama yangu siku hizi anampikia Bupe.

Walicheka zaidi. Wengine waliacha kucheka walipoona uso wangu. Erick, yule kijana wa wizarani anayekunywa kwa adabu, aliinamia glasi yake. Na Mama alikuwa anarudi. Matonya alikuwa ameshakunywa vya kutosha, akasimama, akavua kofia, akamwamkia: shikamoo mama Bupe. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyo. Mama alisimama pale pale alipokuwa, mkono kwenye uzio. Aligeuza kichwa kuitafuta ile sauti. Akaitikia marahaba, kisha akauliza ni nani aliyefungua pipa. Nikasema mimi. Akauliza kama nimesoma kanga. Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba nina macho yangu.

Akasema vizuri. Akaingia ndani akipapasa ukuta, nami niliona hata huko kupapasa ni maigizo ya kutaka ahurumiwe. Kesho yake asubuhi ndipo nilipokupigia simu kwamba namrudisha.

Sasa nafika kwenye Ijumaa, yaani juzi. Nilitaka kumkamata kwanza, ili nikimrudisha asiweze kukataa na wewe usiweze kumtetea. Asubuhi Batholomeo alikuwa amebakiza chai ya rangi kwenye birika. Niliipoza, nikaichuja kwa marekani, nikaichuja tena, mpaka haikuwa na hata chembe. Rangi yake na ya pombe yetu huwezi kuzitenganisha. Nikaitia kwenye glasi ya kupimia, ambayo harufu ya pombe haijawahi kuitoka. Nikamwita Mama, nikamwambia kwa heshima zote kwamba nimekosea Jumatano, leo apime yeye. Hayo ya heshima nayo yalikuwa uongo.

Alikuja haraka, Dada. Alifurahi. Hilo litanikaa.

Alisimama mahali pake, akapokea glasi kwa mikono miwili, akainua mbele ya kanga. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa dirishani. Herufi za kanga zilisimama ndani ya ile chai, kubwa kuliko zilivyo, ungeweza kumfundishia mtoto kusoma. Mama akaizungusha. Akasema bado, mwanangu, mashapo yanaelea, tuipe siku moja.

Nilisikia kama furaha. Nimemkamata. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie, lakini yeye hakuwa amemaliza. Aliisogeza ile glasi karibu na jicho la kulia, kisha la kushoto. Akaipangusa kwa pindo la kanga yake. Akanyoosha mkono akapangusa hata ile kanga ya mlangoni, taratibu, mstari wa maneno, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha. Akainua glasi tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefunga dirisha.

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa linampiga usoni, kwenye macho yenyewe, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita niliyatazama macho ya Mama badala ya kutazama alichokuwa anakificha. La kulia lina weupe katikati, kama maziwa yaliyodondoka kwenye maji. La kushoto limeanza.

Nikamwambia aonje. Akaonja. Akaonja tena, akasema hii ni chai. Nikasema ndiyo, Mama. Akasema, na wala haina sukari. Akakaa kwenye kigoda, akaiweka glasi chini kwa kuipapasia sakafu kwanza. Akasema basi sasa nimejua, na amepumzika.

Alinieleza yote, na alieleza bila kulia, mimi ndiye niliyelia. Ukungu ulianza mwaka jana huko huko Kibakwe. Kumbuka ulivyonisimulia kwamba ameacha kusoma masomo kanisani, anasema miwani imepotea. Miwani haikupotea, aliitia mwenyewe kwenye sanduku kwa sababu haikuwa na kazi tena. Mwezi wa tano aliteleza kwenye mawe ya kushukia mtoni, akalala pale mpaka akasikia sauti za watoto wa shule, akajifanya amekaa kupumzika. Alikuja Dodoma kwa sababu alisikia kuna madaktari wa macho. Hakuja kunisaidia kazi. Lakini alipofika nikamkumbatia nikamwambia Mungu amemleta, kazi imenishinda, na siku ya pili watu wakaanza kuja kwa jina lake. Alisema alishindwa kuniambia kwamba hakimu wangu haoni.

Nikamuuliza kwa nini basi asiseme tu imetulia, apitishe kila pipa, nani angejua. Aliniuliza kama nina akili. Akasema hakuwa na njia ya kujua kama ukungu uko kwenye glasi au kwenye jicho, na katika maisha yake yote hajawahi kumpa mtu mashapo akamwambia ni pombe safi. Afadhali ichelewe, afadhali hata imwagwe, kuliko watu wa Nkuhungu waharishe kwa jina lake. Siku nilipomwaga yale mapipa mawili, alisema, aliisikia harufu ya uchachu, akajua kwamba moja kati ya hayo, au yote mawili, yalikuwa mazuri na ameyaharibu yeye.

Bupe aligundua siku ile ile ya kwanza walipokutana kanisani, kwa namna Mama alivyomshika mkono kwenye ngazi. Ile asali ni ya kutia machoni. Bupe alikuwa akimtilia matone, anamlaza chumbani, anafunga mlango ili mwanga usimuume. Ndiyo maana alirudi na macho mekundu. Na kila siku, Mama anasema, Bupe alikuwa akimgombeza kwamba amwambie Edina, Edina amesoma, atajua pa kumpeleka. Mama akawa anajibu kesho.

Ijumaa ile ile mchana nilimpeleka hospitali, Batholomeo akamshika mkono wa pili. Daktari alimulika, akasema ni mtoto wa jicho pande zote mbili, la kulia limekomaa, na linaondolewa. Akatukataza asali, akasema kwa upole kwamba jicho si mkate. Tumepangiwa Alhamisi ya tarehe 26. Mama alisikiliza, akakubali, kisha tulipofika nje akasema haingii hapo mpaka wewe uwepo. Nilimwambia mimi nipo, Batholomeo yupo. Akasema anataka akifunguliwa kitambaa aone watoto wake wote wawili, asije akafunguliwa akaona nusu. Kwa hiyo, Dada, simrudishi Kibakwe. Nakuomba wewe uje. Ukinikasirikia, njoo na hasira yako, nitaipokea stendi pamoja na mzigo.

Leo baada ya ibada nilivuka korongo. Nilibeba debe la uwele, nikampigia Bupe magoti. Aliniinua akasema magoti yangu hayana kazi kwake, ila uwele ataupokea. Kisha akaniambia kwamba alilisikia lile neno la Jumatano. Wanywaji hawana siri, lilimfikia hata kabla ya wao kukaa. Alisema hakukasirika kuambiwa ana mpishi. Alikasirika kwamba nina mama nyumbani na nikaenda kuwauliza walevi habari zake.

Alasiri uani kulijaa. Kulikuwa na pipa la kufungua. Nilimtoa Mama nje nikamkalisha mbele ya watu, nikawaambia wote wazi kwamba nilichosema Jumatano kilikuwa uongo, kwamba Mama haoni vizuri na mimi ndiye niliyeshindwa kuona. Hawakucheka. Matonya alivua kofia, akaenda akachuchumaa mbele yake akamwambia jina lake, akasema kuanzia leo atajitaja kila anapopita, asije akapitwa kama nguzo tena. Mama akamwambia hakuna haja, viatu vyake mwenyewe vinapiga kelele kwa kukosa fundi.

Kisha akaomba glasi. Nikamwaga ya kwanza, nikampa ya pili. Aliishika kidogo, akanirudishia. Akasema nisome mimi. Nikainua mbele ya kanga, nikamwambia inasomeka. Akasema hakuuliza kama inasomeka, amesema nisome. Nikasoma kwa sauti, mbele ya Erick na Matonya na uani kote: niulize mwenyewe, usiulize watu. Akasema upepo umekuwa mwingi, hajasikia vizuri, nirudie. Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa, akasema sasa imetulia, wape watu.

Nisalimie shemeji na watoto, mwambie Elisha mwanao kwamba bibi yake anamuulizia mbuzi wake. Ukipanda basi nipigie, nitakuwa stendi kabla hujafika. Na ukija usimwambie Mama kwamba nilionja ile asali, hilo bado sijamwambia.

Mdogo wako,
Edina

Nimeacha kuandika mara mbili kwenda kumtazama Mama. Alikuwa akijigeuza na kuuliza nani yuko mlangoni, nami nikamjibu ni mimi. Amelala saa tano kasoro robo.